Posa ya Odongo Ndani ya Linux

Siku ile ya posa mjinga alikuwa Odongo, tena mjinga mwenye cheti cha kompyuta ukutani.

Alikuwa amekutana na Nyawal sokoni Lodwar, jua la kukaanga yai, dada wa watu amevaa gauni la manjano, amekumbatia monita aliyoifunga leso.

"Ejok," Odongo akamsalimu kwa Kiturkana, akiitazama monita. "Mtoto amelala?"

"Amelala. Ni wewe utamwamsha?"

Akamwamsha kweli: akaitengeneza monita ikawaka. Nyawal alifundisha kompyuta kambini Kakuma. Odongo akamwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kisha akawa fundi wake wa simu, na simu zikawa ndefu kuliko matatizo yenyewe. Mwishowe akaamua kuweka seva, programu ya kumwezesha yeye kuendesha mashine ya Nyawal akiwa kwake Lodwar. Wee. Nywila ikakataa, mtandao ukakata, skrini ikawa nyeusi kama sufuria ya matanga. Ilipokubali, akampigia.

"Habibi, keti mbele ya kompyuta. Usiguse kitu. Utaona jambo. Ukishaliona, nijibu papo hapo, kwa kuandika."

"Nimeketi, fundi wangu."

Akakata simu, akaingia kwenye mashine ya Nyawal kupitia seva, akaandika kwa herufi kubwa: NYAWAL, UTAKUBALI NIKUOE?

Akangoja. Hakuna hata nukta iliyorudi. Jioni Nyawal alipopiga, Odongo akaigeuza simu yake kifudifudi. Hakutaka kukataliwa mara ya pili.

Wiki iliyofuata akaenda Kakuma kung'oa seva yake, vumbi hadi kwenye kope. Nyawal akampokea kwa uso uliofungwa kama duka la Jumapili.

"Si ungeandika tu hapana," Odongo akasema.

"Hapana ya nini? Nimekaa hapa mpaka shingo inauma. Naona picha ya mlima tu. Nakupigia, hushiki. Nikasema huyu amepata mwingine huko Lodwar."

Odongo akafungua kompyuta yake ya mapajani, akaingia kwenye mashine ya Nyawal. Maneno yake yakatokea palepale alipoyaacha. Akageuza shingo: kwenye skrini ya Nyawal, mlima ulikuwa umetulia tuli. Seva ilikuwa imemfungulia Odongo skrini ya peke yake, ambayo aliyeketi mbele ya mashine haioni.

"Ni hii seva," akajitetea. "Lakini maneno yalifika, Nyawal. Yako ndani ya mashine yako. Huwezi kusema sikukuposa."

"Ulijifungia chumbani peke yako ukaposa ukuta," Nyawal akasema. "Sasa kaoe huo ukuta, ama ufunge hiyo kompyuta uniangalie mimi."