Kipande cha Idhini

Lori likakata kona bila kupunguza mwendo.

Yamaha ya Shangazi nyuma yake.

Idara ya ujasusi ilimwita hivyo kwa sababu alikuwa haambiliki. Leo alikuwa na hofu. Ndani ya lori mlikuwa na dawa bandia za watoto. Likivuka lango la bohari ya dawa, lingepata cheti cha uhalali, na mama wa watu angemnywesha mwanawe sumu kwa mkono wake mwenyewe.

"Shangazi," redio ikakoroma. "Malori ni matatu, kila moja lango lake."

"Mkuu wa bohari akatae kuidhinisha."

"Simu yake haipatikani. Wenye malori wameizima."

Alipofika bohari akaitupa pikipiki chini, akapanda ngazi mbiombio hadi ofisini kwa kijana aliyeunda programu ya malango.

"Malango yanafunguliwaje?"

"Kwa vipande vya programu, mama. Kimoja kinapokea ombi, kingine kinaomba idhini ya mkuu. Nikishakuwa nacho, nakipachika popote. Malango yote yanatumia hichohicho."

"Cha idhini ulikiunda wewe?"

Kijana akajikuna shingo. "Nilipewa na rafiki. Wa mtandaoni."

"Ulikifungua ukaona kilichomo?"

"Kilikuwa kinafanya kazi, mama."

"Hata mwizi anayekubebea mzigo anafanya kazi. Kifungue."

Akakifungua. Akasoma amri iliyokuwamo:

Mkuu asipojibu, hesabu amekubali.

Dirishani, lori la kwanza lililokuwa limesimama langoni liliwasha injini.

"Nifunge lango lipi?" kijana akauliza.

"Usiguse lango. Rekebisha kipande. Asipojibu, iwe amekataa."

Mlango ukasukumwa. Mkono wenye bastola ukatangulia. Shangazi akaupiga mlango teke, mfupa ukalia, bastola ikaanguka. Mwenye mkono alipoinua macho, Glock ya Shangazi ilikuwa puani pake.

"Kaa chini, baba. Tuna kazi hapa."

Kijana akamaliza kurekebisha kipande, akabonyeza.

Malango hayakunyanyuka. Hata moja.

"Tumewazingira," redio ikasema. "Madereva wamenyoosha mikono."

Kijana alikuwa analia bila sauti. "Mama, nitafungwa?"

"Sijui. Utawaeleza wapelelezi yote, na jina la huyo rafiki."

"Silijui jina lake."

Shangazi alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekutwa katikati ya barabara.

"Anza kwa kuwaambia hilo."

Akavaa helmeti, akashuka ngazi taratibu.