Duveti ya Ukutani

Siku Nimia alipofika nilikuwa jikoni natoa kokwa za plamu, nataka kupika jamu. Jiko langu liko ghorofa ya chini na dirisha lake linatazama mlango wa jengo. Wanaoniita mbea wanionee huruma kidogo: mtu aliyejengewa dirisha mahali kama pale atazame wapi? Anayeingia na mifuko namwona. Anayeingia na mume asiye wake namwona pia, na nguo aliyovaa naikumbuka.

Basi nikamwona Tove wa ghorofa ya nne anatoka stesheni, kashika kibendera kile tunachowapungia watu wetu wakirudi safarini. Nyuma yake msichana mwembamba, nywele nyeusi hadi kiunoni, anaburuta sanduku lenye gurudumu bovu. Nikafungua dirisha.

“Tove! Huyo mrembo umemwokota wapi?”

“Mpangaji wangu, Nimia. Katoka Paraguay, kaja kusoma usanifu majengo.” Akamshika bega. “Lakini nisiseme mpangaji. Huyu ni mwanangu.”

Msichana akacheka kwa aibu. Lugha yetu alikuwa ameisoma mwaka mzima kwao, akaniambia, “Shikamoo bibi,” vizuri kabisa. Nikampenda papo hapo. Nikawatazama wakipanda ngazi, nikajisemea, afadhali Tove amepata mtu, maana tangu mama yake afariki alikuwa amekonda kama kijiti cha kiberiti.

Mjini kwetu Aarhus mwisho wa mwezi wa nane chumba hakipatikani. Wanafunzi wengine mwaka ule walilala kwenye mahema. Nimia akajiona kabahatika.

Yanayofuata alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu cha jikoni. Ya mwisho niliyaona kwa macho yangu. Na msidhani nawapeleka kwenye giza. Jua lilikuwa linawaka.

Chumba kilikuwa kikubwa na kisafi. Kulikuwa na kabati la mbao linalokaribia kugusa dari, na kitanda cha watu wawili kimesukumwa hadi ukutani. Juu ya kitanda, duveti mbili, yale mafuniko manene ya manyoya ya kulalia, zimekunjwa.

“Yako hii ya nje,” Tove alimwambia. “Ile ya ukutani usiiguse. Na usilale katikati, mwanangu. Lala ukingoni.”

“Kwa nini?”

“Ni desturi yetu.”

Sasa mtu akiwa mgeni, kila asichokielewa hukiita desturi. Nimia aliona tunavua viatu mlangoni, akasema desturi. Aliona vichanga wamelazwa kwenye vigari nje ya mkahawa, mama zao wako ndani wanakunywa kahawa wala hawageuki, akasema desturi. Aliona mzee mzima kasimama kwenye taa nyekundu na barabara haina hata baiskeli. Desturi. Kwa hiyo Tove alipoanza kuingia chumbani kila alasiri na kikombe cha kahawa na kipande cha mkate mweusi, akaviweka kwenye rafu ya kichwani, upande wa ukutani, akatoka bila neno, msichana hakuuliza. Angeonekana mshamba.

Jioni kikombe kilikuwa kimejaa vilevile. Ila ukingoni kulikuwa na alama ya midomo.

Asubuhi ya kwanza aliikuta duveti ya ukutani imekunjuliwa. Akadhani ameipiga teke usingizini. Asubuhi ya pili alihisi baridi mgongoni, tena upande mmoja tu, ule wa ukutani. Akanunua sweta. Chumba kikaanza kunuka kafuri. Akanunua ubani.

Kisha akaamka nywele zake zimesukwa.

Mkia mmoja, umebana hadi ngozi ya kichwa inauma, na mwishoni umefungwa uzi mweupe wa kushonea. Nimia ana mama yake kwao, anampenda, na alikuwa amemkumbuka mno siku zile. Akashika ule mkia, machozi yakamlenga. Akaenda jikoni, akamkumbatia Tove kwa nyuma.

“Ahsante kwa kunisuka. Sikusikia hata ulivyoingia.”

Tove aliacha kupaka siagi. Kisu kikabaki juu ya mkate. Halafu akatabasamu, akajishika kichwa chake mwenyewe, kilichonyolewa kama cha askari.

“Karibu, mwanangu. Mgeni tukimpenda humsuka. Ni desturi yetu.”

Chuoni kazi ya kwanza waliyopewa ilikuwa kupima kwa mkono chumba unacholala na kukichora kama kilivyo: kuta, kitanda, hata soketi. Michoro ikabandikwa darasani, kila mtu aikosoe ya mwenzake. Kijana mmoja, Esben, mcheshi asiyeweza kufunga mdomo hata dakika, akasimama mbele ya mchoro wa Nimia, mikono kiunoni.

“Duveti mbili! Dada, wiki haijaisha ushapata mtu?”

Darasa zima likacheka. Nimia naye akacheka.

“Acha uchokozi wako. Si ni desturi yenu?”

“Desturi yetu ni kila mtu na duveti yake, tusinyang’anyane. Moja yako. Ya pili ya nani?”

“Ya ukutani. Haiguswi. Na ile kahawa yake ya alasiri.”

“Kahawa ya nani?”

“Ile mnayoiweka kichwani pa kitanda. Haya, na kumsuka mgeni akiwa usingizini…”

Hapo hakuna aliyecheka. Esben alimtazama hivi, akashusha sauti.

“Nimia. Huku kwetu hakuna kitu kama hicho.”

Mwalimu wao naye alikuwa amesogea, anautazama mchoro. “Tena dirisha umelisahau,” akasema.

“Chumba changu hakina dirisha.”

“Kwenye majengo yale ya zamani? Haiwezekani. Umepima nyuma ya kabati?”

Mimi nilimwona anaingia uani mchana ule, bila mkoba, bila koti. Hakuingia ndani. Alisimama katikati ya baiskeli akatazama juu. Nikagonga kioo.

“Mwanangu, utavunja shingo!”

“Bibi,” akasema, hata salamu hakunipa, “lile dirisha la ghorofa ya nne, lenye mgongo wa kabati, ni la nani?”

“La chumba chako. La nani mwingine?”

Nikamwingiza ndani, nikamkalisha, akanieleza yote niliyowaeleza. Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Alipofika kwenye uzi mweupe nikamkatiza, nikamweleza habari za kitanda kile.

Alma, mama yake Tove, alifia kwenye kitanda kile mwezi wa pili. Tove alikuwa amelala kando yake, upande wa nje, kama alivyolala miaka yote ya ugonjwa. Nesi aliyekuwapo ndiye aliyenisimulia, nilimpa keki akalegea. Huku kwetu mtu akikata roho tunafungua dirisha, apate pa kutokea. Hata hospitali hufanya. Nesi akanyoosha mkono kwenye komeo, na Tove akaukamata.

“Usifungue. Nje baridi. Mama atapata mafua.”

Dirisha halikufunguliwa siku ile wala siku nyingine. Wiki haijaisha, nikasikia kabati linaburutwa juu kule.

“Na nywele?” Nimia akaniuliza.

“Nywele zipi?”

“Za Tove. Alizinyoa lini?”

Nikakumbuka. Tove alikuwa na nywele nzuri za mvi, na Alma alikuwa akimsuka kila asubuhi, mtu mzima wa miaka sitini anasukwa kama anakwenda shule. Tulikuwa tunamcheka. Alizinyoa baada ya mazishi. Tulipomuuliza alisema zinamuwasha.

Tukatazamana. Mkia wa Nimia ulikuwa umelala begani kwake, bado umefungwa ule uzi. Akaufungua.

Tukapanda pamoja. Nilibeba chupa ya jamu, ionekane nimekuja na shughuli. Tove alikuwa chumbani anaweka kikombe kwenye rafu.

“Duveti hiyo ni ya nani?” Nimia akauliza.

“Punguza sauti,” Tove akanong’ona. “Saa hizi anapumzika.”

Nikaitia chupa kwapani.

“Nyumbani niliwaambia nimepata mama huku,” Nimia akasema. “Mama yangu alikuombea kanisani. Kwa jina.”

“Umempata. Nakupenda, Nimia. Haki ya Mungu nakupenda.” Tove alikuwa analia bila sauti. “Lakini lazima mama yangu awe na mtu. Nilihamia sebuleni akanifuata. Anakushika mkono. Hauachii. Unaamka mkono ni wa baridi, hauinuki hadi jioni. Mimi nimezeeka. Wewe una damu.”

“Kwa nini mimi? Mji umejaa watu.”

“Mama asingemtaka mgeni. Ndiyo maana nilimwambia wewe ni mwanangu.” Akajifuta pua. “Alifurahi. Siku zote alitaka mjukuu.”

Nimeona watu wakipigwa, nimeona wakifukuzwa makwao. Sijawahi kuona uso ukifungwa kama ulivyofungwa ule wa Nimia. Alikwenda kwenye kabati, akaweka bega, akasukuma. Nikatua jamu nikasukuma naye, mgongo wangu huu mnaoujua. Tove hakusaidia wala hakuzuia. Alikuwa anatazama kitanda.

Dirisha lilikuwepo. Fremu imepakwa rangi juu ya komeo, tabaka juu ya tabaka. Nimia akachukua rula yake ya chuma mezani, akaanza kukwangua.

“Usifanye hivyo,” Tove akanong’ona. “Ameamka.”

Nikageuka.

Duveti ya ukutani ilikuwa imeinuka. Kidogo tu. Kama mtu aliyelala ubavu. Chini yake hakukuwa na mtu. Ikashuka. Ikapanda. Inapumua.

“Kwangua,” nikasema. “Kwangua, mwanangu.”

Duveti ikateleza. Mto ukabonyea. Kisha ukingo wa kitanda ukabonyea, upande wa Nimia. Ubao wa sakafu ukalia. Mmoja. Halafu mwingine, karibu zaidi. Kafuri. Nimia akatoa sauti ndogo. Nywele zake ziligawanyika mgongoni mafungu matatu. Hakuna mkono. Mafungu yakaanza kupishana.

Komeo likaachia.

Dirisha likafunguka kwa kishindo na jua likaingia hadi kitandani. Nywele zikaanguka. Kitu kilinipita kifuani, si upepo, siku ile majani ya uani hayakutikisika. Kilikuwa kifupi. Kilinipita chini ya kidevu.

“Mama, usiende!” Tove akaruka, akalibamiza dirisha.

Alikuwa amechelewa. Duveti ilikuwa bapa. Chumba kikawa chumba tu, na Tove kapiga magoti chini ya dirisha, anakwaruza kioo.

Nimia alifunga sanduku lake bila haraka. Viatu alivivaa palepale chumbani, akatembea navyo juu ya mazulia ya Tove hadi mlangoni. Kwetu hilo ni tusi, naye alikwishajua.

“Nimia,” Tove akaita, bado yuko chini. “Mwanangu.”

Mlango ukafungwa.

Alilala kwenye kochi langu hadi Esben alipomtafutia chumba kwenye jengo jipya la wanafunzi, ng’ambo ya mji. Tove hakupata mpangaji mwingine, wala hakutafuta. Dirisha lile sasa analiacha wazi mchana kutwa, hata kwenye baridi kali, na majirani wanalalamika joto la jengo tunalolilipia wote linakwenda kupasha moto mawingu. Anasimama pale anaita. Anaita kwa upole, kama mtu anayeita paka. Hakuna kinachorudi.

Kabla ya Krismasi nilikwenda kumtazama Nimia, na biskuti za tangawizi kwenye kopo. Nimia alikuwa amenenepa. Alikuwa amekata nywele hadi masikioni, zinampendeza. Esben alikuwa ametoka hapo hapo, na nilipomchokoza Nimia juu yake akaniambia, “Bibi nawe, kula biskuti zako.” Akacheka sana. Akaenda jiko la pamoja kuchemsha maji, nami nikabaki peke yangu, na mnajua nikibaki peke yangu hufanya nini. Nikaenda dirishani.

Ghorofa ya sita. Hakuna roshani, hakuna bomba, hakuna pa kukanyaga. Nje ya kioo kuna kibaraza cha zege kisichozidi upana wa kiganja, na theluji ilikuwa imelala juu yake tangu alfajiri, laini, haijaguswa hata na ndege. Isipokuwa katikati. Hapo palikuwa na vishimo viwili vimeyeyuka, vimekaribiana, kama vya mtu mfupi aliyeegemeza viwiko akitazama ndani.

Nikasikia hatua za Nimia zinarudi kwenye korido, anaimba. Sikutaka avione. Nikafungua dirisha upesi nivifute, na harufu ya kafuri ikanipita kuingia ndani.

Zege la pale lilikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.