Fimbo Ambayo Haikupita

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Chiriku alichemsha maji, akamgeuza mama yake kitandani na kumkanda mgongo taratibu ili asipate vidonda. Mama alikuwa dobi hodari mpaka siku alipoteleza kwenye ngazi zenye maji akavunjika uti wa mgongo. Huu ulikuwa mwaka wa pili hajasimama.

Chumba chao kilikuwa kando ya njia, na mama aliwajua wapitaji kwa masikio. Kengele ya baiskeli ikilia, alimwombea muuza maziwa. Viatu vikiburutwa, alimwombea mwalimu wa hesabu. Fimbo ikigonga ko, ko, ko, alimwombea fundi saa.

Hapo Chiriku alinuna. Fundi saa, mzee aliyeishi peke yake nyumba ya tatu, alikuwa na maneno machungu kama shubiri. Aliwahi kumwambia mbele ya wenzake, "Sala za mama yako zingekuwa dawa, si angeshaamka?" Chiriku alilia njia nzima. Tangu siku hiyo amina yake ilikuwa ya mdomoni tu.

Asubuhi moja mama alifumbua macho ghafla. "Mwanangu, fimbo haijapita."

"Labda amelala, mama. Tushukuru, masikio yapumzike."

"Yule hachelewi hata siku moja. Nenda kamwangalie."

"Mimi? Kwa mtu aliyekucheka?"

"Ni jirani yangu bado. Ningekuwa na miguu nisingekutuma. Niazime yako."

Chiriku akaenda shingo upande. Alibisha hodi, kimya. Alipochungulia dirishani, alimwona mzee ameanguka sakafuni katikati ya saa zake, midomo ikicheza bila sauti. Kinyongo chote kikamtoka. Alipiga kelele mpaka muuza maziwa akaitupa baiskeli yake na kuja kuvunja mlango, wakampeleka mzee hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangemkosa.

Baada ya wiki tatu, fundi saa alikuja akaketi kando ya kitanda cha mama.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Nakuombea kila fimbo yako ikipita. Siku ile nikangoja, nikangoja."

"Hata baada ya yale niliyoyasema?"

"Hapo ndipo nilipokuombea mara mbili," mama akacheka. "Kristo aliwaombea waliomtesa akiwa msalabani, sembuse mimi niliyelala kwenye godoro?"

Mzee aliinama akalia. Chiriku alidhani Mungu amekisahau chumba hiki, kumbe kutoka kitanda hikihiki mtu alikuwa ametolewa mdomoni mwa mauti! Alimtazama mama yake kana kwamba hajawahi kumwona.

Mzee alipoondoka, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mgongo hauumi?"

"Unauma sana. Kuna siku namlilia Mungu nikimwuliza kwa nini, na hajanijibu. Lakini hajaniacha. Mateso yamenilaza mimi, mwanangu. Tusikubali yalaze na upendo wetu."

Kesho yake fimbo ikasikika njiani, ko, ko, ko. Kabla mama hajafumba macho, Chiriku alikuwa ameshapiga magoti.