Mita ya Babu Ndani ya Nyumba Yetu

Nyanya aliacha kuimba jikoni. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla hata ya kikohozi. Kila jioni nikienda kuteka maji nilipita nyuma ya jiko lake, na sauti yake ilinifikia pamoja na moshi. Kisha zikapita siku nikisikia kuni tu zikilia. Nilipochungulia, alikuwa ameketi karibu na mlango, mkono mmoja kifuani, akisonga ugali wa wimbi huku amegeuzia uso nje.

Sikumwambia mtu. Mimi ni mtoto wa kunyamaza. Hata darasani mwalimu huniambia nirudie jina langu, Bochaberi, ndipo alisikie. Lakini baada ya muda nyumba nzima iliona. Nesi wa zahanati alimweleza nyanya kwamba moshi wa miaka mingi umechosha kifua chake, na kama ataendelea na kuni, dawa hazitamsaidia.

Jioni hiyo mama alisema gesi yetu ihamishiwe kwa nyanya. Baba akamwuliza yeye atapikia wapi. Mama akajibu kwamba atapika huko huko na mama mkwe wake, kwani alipoolewa walianza hivyo na hakuna aliyeumizwa. Baba akacheka, na jambo likawa limekubaliwa.

Gesi yetu ni ya mita. Kampuni hukuletea mtungi na kufunga mita juu yake, nawe unalipa kidogo kidogo kwa simu. Mita hizo zilipofika kijijini kwetu Kiogoro, baba alikuwa mbali, Ogembo, akifanya kazi ya majani chai, kwa hiyo Babu Omosa, baba yake, ndiye aliyetoa kitambulisho chake, akiwa amesimama uani. Ikawa ni mita ya babu, ingawa ilikaa jikoni kwetu.

Kutoka kwetu hadi kwa nyanya unaweza kurusha ndizi ikafika. Tulidhani ni kazi ya kubeba tu. Mama alipopiga simu aliambiwa kwamba mteja haruhusiwi kuihamisha mita. Lazima fundi aje, na ada yake ilipwe kwanza. Mama akauza mikungu ya ndizi, pamoja na jogoo tuliyekuwa tumewawekea wageni wa Desemba. Kisha kampuni ikataka kuja Jumamosi. Kwetu Jumamosi ni Sabato na hakuna anayebaki nyumbani, kwa hiyo tukasogezwa hadi Jumapili ya wiki nyingine. Nyanya akaendelea na kuni, na kukohoa.

Fundi aliyekuja aliitwa Abdimajid, kijana mrefu wa mjini Kisii. Alikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni ingawa mama alimkataza. Alieleza kwamba kabla ya kufungua chochote, mwenye mita hupigwa picha kando yake, kitambulisho mkononi. Hivyo ndivyo wanavyozuia wezi wa mitungi. Akaomba mzee aingie.

Babu alikuwa kwenye kigoda uani, amevaa koti la kanisani kwa ajili ya picha hiyo. Hakuinuka. Alisema goti linamuuma. Fundi akatoka, akamshika mkono ili amsaidie. Babu akasema hata mgongo pia. Mama akaingia ndani kama aliyesikia kitu kikiungua. Baba akaanza kuitazama migomba.

Mimi nilijua sababu. Kwetu, baba mzazi haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita chinsoni, heshima kati ya wazazi na watoto wao wakubwa, na kuitaja mbele ya wanaohusika ni aibu. Baba hakuweza kuitaja babu akisikia. Babu hakuweza kuitaja mama akiwa karibu. Watu wazima watatu wakanyamaza, na fundi akaachiwa goti na mgongo.

Uso wake ulibadilika. Aliuliza taratibu kama kweli mita ni ya mzee huyu. Hakuna aliyemjibu vizuri. Basi akasema hawezi kuendelea, na kwamba tukimwita tena, ada italipwa upya. Akachukua mkoba wake akaelekea barabarani alikoacha pikipiki.

Mose, mdogo wake baba, ni mwendesha boda boda. Alichomoa spana chini ya kiti cha pikipiki yake.

"Hii si kazi ya chuo kikuu," alisema. "Nafungua, nabeba, nafunga. Kabla chai haijapoa tumemaliza."

"Na ikivuja?" mama akauliza.

"Shemeji, nitanusa. Ama unadhani pua hii ni ya mapambo?"

Baba hakumkataza. Alikuwa akimtazama nyanya, aliyeshika mwimo wa mlango wa jiko lake akikohoa kama mtu anayeitafuta hewa. Nyuma yake kuni zilikuwa bado zinawaka. Nikaona baba akimwitikia Mose kwa kichwa. Nikaufikiria mtungi ule ukifunguliwa na asiyejua, kisha ukapelekwa penye moto ule, mbele ya nyanya. Nikakimbia.

Nilimkuta fundi ameshavaa helmeti. Nikabaki nikivuta pindo la gauni. Alingoja.

"Anko," nikasema mwishowe, "babu haumwi goti. Hii ni nyumba ya mwanawe, kwa hiyo hawezi kuingia. Ni heshima yetu. Na wao hawawezi kukwambia, kwa sababu hata kuisema ni aibu kwao. Mimi ni mjukuu. Mimi naweza."

Akavua helmeti. "Na mimi nimewaona kama wezi," alisema.

"Babu hawezi kuingia," nikasema, "lakini mita inaweza kutoka."

Alinitazama, kisha akampigia simu mkubwa wake. Walizungumza kwa muda mrefu. Nilimsikia akieleza kwamba hata kwao wakwe wana mipaka yao. Alipokata simu alisema wamekubali picha ipigwe uani, mbele ya nyumba.

Tulipofika, Mose alikuwa amepiga magoti jikoni, spana imeshaizungusha nati. Fundi alimwomba asogee. Alifunga mtungi, akafungua madirisha, akamwambia baba azime kuni za nyanya kwa maji. Kisha akanionyesha jinsi Mose alivyokuwa amesahau kuufunga mtungi kabla ya kulegeza nati. Mose alinusa, akanusa tena, akakiri kwamba hasikii harufu yoyote. Alikuwa na mafua tangu juzi. Akairudisha spana kwenye pikipiki.

Babu alipigwa picha uani, mkono juu ya mtungi kama juu ya bega la mtoto. Kisha gesi ikapelekwa kwa nyanya. Fundi alipaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, na hapakutokea povu.

Jioni nyanya alipika bila kugeuza uso. Tulipokwisha kula aliniita nikae karibu naye, lakini alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Tulinyamaza tukidhani tunalinda heshima. Mgeni haoni tulichonyamazia, anaona uongo wa goti tu. Nusura kosa letu litulipue. Bochaberi, mtu asipokuelewa, tafuta maneno ya adabu umwambie ukweli. Na wewe Mose, kazi ya gesi mwachie fundi, hata kama ni ya kuvuka ua."

Mose akaitikia. Baba alinimegea nyama kutoka sahani yake.

Baadaye nilimpelekea babu chai barazani kwake. Alisogea nikakaa. Aliniita mke wake, kama anavyopenda kunitania, akasema leo ni mimi niliyemwoa, wala si yeye aliyenioa, kwani ndimi niliyemsemea. Tulicheka. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulitamka tangu nikiwa mdogo sana, nikimwona akisimama nje na kuita.

"Babu, nilidhani huingii kwetu kwa sababu hutupendi. Nimebandika picha nilizochora kwenye ukuta wa chumba changu, na wewe ndiye niliyetaka uzione. Kesho nitazibandua nikuletee hapa."