Mtoto wa Pili wa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alimchemshia bibi yake maji ya kuoga, akamkanda magoti, kisha wakashikana mikono kwenda dukani kununua mkate. Kasuku halikuwa jina lake la shuleni. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu msichana huyo alizungumza lugha mbili bila kukwama: Kiswahili, na lugha ya ng'ambo ya mpaka alikozaliwa bibi. Bibi alikuwa ameishi mjini hapo miaka mingi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Mambo mengine yote yalipitia kinywani mwa mjukuu wake.

Tena bibi alikuwa mtu wa maneno. Hakujua kununua mkate kikavukavu. Kwanza alimjulia hali muuza duka, halafu akauliza kuhusu mguu wa mkewe uliokuwa umevunjika, halafu akamwombea wateja wengi wasiopenda kukopa. Kasuku alimsubiri amalize, akasema, "Anasema asante. Anataka mkate mmoja."

"Hotuba yote hiyo ni asante na mkate mmoja?" muuza duka akacheka. "Basi lugha yenu inakula maneno kama gari bovu linavyokula mafuta."

Kasuku naye akacheka. Alikuwa ameshazoea kuyakata maneno ya bibi. Alikata kwenye zahanati, alikata shuleni siku ya wazazi, na kwa mwenye nyumba alikata zaidi. Mtoto wa darasa la sita ana haraka zake, na maneno ya wazee ni marefu. Hakuna aliyewahi kuumia kwa hilo, kwa hiyo hakuona kosa lolote.

Mwaka huo magoti ya bibi yaligoma kabisa. Kila mwaka alilazimika kwenda ofisi ya uhamiaji kuongeza muda wa kibali chake cha ukaazi, na kila mwaka foleni ilimsimamisha tangu jua linapochomoza. Kulikuwa na kibali kingine, cha kudumu, walichopewa wageni waliokaa nchini muda mrefu. Akikipata hicho, bibi hangesimama tena. Lakini mama yake Kasuku, aliyekuwa fundi cherehani, alisema jambo moja bila kuinua macho kwenye kitambaa. Maombi yakikataliwa kwa sababu ya udanganyifu, hata kile kibali cha mwaka hakitolewi tena. Mtu anapewa barua ya kuondoka.

"Aondoke aende wapi?" Kasuku akauliza.

"Alikotoka. Na huko hakuna hata mtu mmoja anayemjua," mama akajibu. "Kwa hiyo mkifika pale, kila atakachosema kifike kama kilivyo. Ningekwenda mwenyewe, lakini hizi sare za watu lazima ziishe kesho."

Ofisi ya uhamiaji ilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno, na juu nyeupe iliyofubaa. Watu walibanana kwenye mabenchi, kila mmoja amekumbatia bahasha yake kifuani. Maswali yaliulizwa kupitia tundu dogo kwenye kioo cha dirisha. Ilipofika zamu yao, Kasuku alisimama kwa ncha za vidole ili afikie. Afisa wa dirishani, kijana mwenye tai, alimtazama kwanza yeye, halafu akaitazama foleni. Alijua mkalimani anatakiwa awe mtu mzima. Akalifumbia macho hilo.

"Haya, tafsiri," akasema. "Na tusichelewane."

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Alizaliwa wapi? Aliingia lini? Anaishi na nani? Kasuku aliuliza na kujibu harakaharaka, akajisikia mtu mkubwa.

"Muulize amezaa watoto wangapi, walio hai na waliofariki."

Kasuku akauliza. Bibi akashika ukingo wa dirisha.

"Wawili," akasema kwa lugha yake. "Wa kwanza ni mama yako. Wa pili alikuwa wa kiume. Tulimwita Kicheko, maana alicheka hata akiwa usingizini. Nilivuka mpaka nimembeba mgongoni, mzima kabisa, na kambini tukaandikwa sote watatu. Halafu homa ikaingia mle kambini." Hapo sauti yake ikapanda. Mikono yake ikatoka dirishani, ikaanza kupima hewani urefu wa mtoto mdogo, na machozi yakamshuka mbele za watu.

Kasuku hakuwahi kusikia habari hizo. Nyuma yao mtu mmoja akaguna, "Jamani, hapa si msibani." Kasuku alipogeuka alimwona mvulana wa darasani kwao, aliyekuja na baba yake. Mvulana huyo alikuwa amejiziba mdomo kwa bahasha, na mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Afisa akagonga meza kwa kalamu.

"Ninachotaka ni idadi tu, mtoto. Wangapi?"

"Mmoja," Kasuku akasema. "Mama yangu."

Afisa akaandika. Bibi alikuwa bado anaongea. Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akatia kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza juu ya karatasi aliyoelekezwa.

Walipotoka nje alisimama ili apumue. "Umewaambia vizuri?" akauliza.

"Nimewaambia, Bibi."

"Asante, mjukuu wangu. Ile kambi ilivunjwa, wakalima shamba juu yake. Sijui hata mahali alipolala mwanangu. Lakini sasa kuna mahali ameandikwa."

Dirisha lilikuwa karibu, hatua chache tu nyuma yao. Kasuku angeweza kurudi. Alitazama foleni, akamtazama yule mvulana aliyekuwa bado mlangoni, akashika mkono wa bibi wakaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo chakula hakikumpanda. Bibi yeye alikuwa na furaha mpya. Alimwimbia nyimbo za zamani na kumsimulia jinsi Kicheko alivyoogopa kuku, na kila simulizi ilimchoma Kasuku moyoni. Alijiambia kwamba idadi ni idadi tu, hakuna atakayejali. Kisha barua ikaja. Mama aliisoma akiwa amesimama, akakaa. Maelezo ya mwombaji hayakulingana na kumbukumbu za kambi ya mpakani. Bibi aliitwa kwa mahojiano, yeye na mkalimani wake.

Safari hii mama aliacha cherehani akaenda nao. Lakini mlangoni walimzuia. "Wewe ni binti yake, umo ndani ya faili," walimwambia. "Utaulizwa peke yako baadaye. Aingie yuleyule aliyetafsiri mwanzo."

Mkuu wa ofisi alikuwa mama wa makamo, na miwani yake ilining'inia kwa uzi shingoni. Yule afisa kijana alisimama kando ya kabati la mafaili. Bibi alikaa, akamtolea mkuu tabasamu, akaweka mkono wake juu ya goti la Kasuku. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Kambini mwanamke huyu aliandikishwa pamoja na watoto wawili," mkuu akasema. "Hapa kwetu ametia dole gumba kwamba amezaa mmoja. Kuna watu walioazima watoto wa wenzao ili wapate kuingia, na sisi tunawafuatilia. Muulize hivi: yule mtoto wa pili alikuwa wa nani, na kama ni wake, kwa nini amemkana?"

Bibi alimgeukia Kasuku, akisubiri kupewa maneno, kama alivyosubiri siku zote dukani na kwenye zahanati. Njia rahisi ilikuwepo. Angeweza kumwambia mkuu kwamba bibi alisahau kwa uzee. Angekata tena kidogo tu, na mambo yangekwisha. Akafungua kinywa. Lakini akaikumbuka ile mikono iliyopima hewani urefu wa mtoto. Kwamba bibi alimsahau Kicheko, hilo hata yeye mwenye ulimi mwepesi hakuweza kulitamka.

"Hakumkana," akasema. "Ni mimi. Yeye alisema wawili. Mimi nikasema mmoja."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa maneno marefu. Na watu walikuwa wananicheka."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Haya. Sasa mwambie," akasema.

"Nimwambie nani?"

"Bibi yako. Yeye hajui nilichouliza wala ulichojibu. Mwambie yote mawili."

Kasuku hakuwahi kupewa kazi nzito kama hiyo. Alimweleza bibi kwa lugha yake, neno kwa neno, hata lile neno la kumkana. Tabasamu la bibi likafifia polepole. Hakugomba. Aliondoa tu mkono wake kwenye goti la mjukuu, akauweka mapajani mwake.

"Kumbe hakuandikwa," akasema.

Kasuku akalia. Mkuu hakumkataza. Alimgeukia yule afisa kijana, akamuuliza nani alimruhusu mtoto wa shule kutafsiri habari za maisha ya mtu. Kijana akatazama viatu vyake. "Kosa hili si la mtoto peke yake," mkuu akasema. Akatoka, akamhoji mama kwenye chumba kingine, akarudi naye. Maelezo yake yalilingana na ya kambini. Mama alisimama karibu na mlango, macho mekundu. Yeye alikuwa mkubwa kidogo wakati ule, na hakuwa amesahau, ila hakupenda kuligusa jambo hilo.

"Naweza kumwita mkalimani wetu, mtu mzima," mkuu akasema. "Au binti yake amtafsirie, maana maelezo yake nimeshayachukua. Bibi mwenyewe achague."

Kasuku akalifikisha hilo kwa sauti ndogo. Bibi akamwelekezea kidole.

"Aliyemtoa ndiye atakayemrudisha," akasema.

Bibi akaanza upya, na Kasuku akafuata nyuma yake bila kuacha kitu. Alisema jinsi Kicheko alivyobebwa, jinsi alivyoogopa kuku, jinsi alivyoomba maji usiku wa homa, na jinsi bibi alivyokuta maji yamekwisha. Hapo sauti ilimkatika. Bibi akamsubiri. Mkuu naye akasubiri, kalamu juu ya karatasi. Kasuku akajikaza, akalisema hadi mwisho.

Walipotoka nje, bibi alitangulia hadi barabarani. Ndipo akamgusa Kasuku begani, akamwambia kwa kile Kiswahili chake kilichovunjika, "Wewe... gari. Ngoja."

Kasuku akadhani amesikia vibaya, maana bibi hakuwahi kumsemesha kwa Kiswahili. Lakini nyumbani ikawa vilevile. "Sahani hii osha." "Maji leta." Lugha ya nyumbani, ile aliyobembelezwa nayo tangu uchanga, bibi aliizungumza na mama tu. Kasuku angeona afadhali achapwe. Dukani bibi alinyoosha kidole akasema, "Mkate," akatoa pesa, akageuka.

"Leo hotuba iko wapi?" muuza duka akauliza. Kasuku akachukua mkate, akamfuata bibi.

Siku zikapita hivyo, ndefu na kimya. Hatimaye mama alirudi kutoka uhamiaji na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kibali cha kudumu chenye picha ya bibi, na nakala ya maelezo yake iliyopigwa mhuri. Bibi alikitazama kibali kidogo, akakiweka kando. Ile nakala akampa Kasuku.

"Soma," akasema kwa Kiswahili.

Kasuku akasoma mstari kwa Kiswahili, akaurudia kwa lugha ya bibi, mmoja baada ya mwingine, hadi akafika mahali palipoandikwa: watoto wawili. Wa kike, yu hai. Wa kiume, aliyeitwa Kicheko, alifariki kambini kwa homa.

Bibi akainama karibu na karatasi. Hakujua kusoma. "Ni wapi?" akauliza. "Nionyeshe ni wapi." Na hayo aliyasema kwa lugha yao.

Kasuku akamshika kidole, akakiweka juu ya jina. Kidole kikakaa pale muda mrefu. Wote watatu walilia, na hakuna aliyejificha.

"Nisamehe, Bibi," Kasuku akasema.

"Nimekusamehe," bibi akajibu. "Lakini iliniuma, mjukuu wangu. Bado inaniuma."

Mama alimvuta bintiye karibu. "Mwanangu, mtu anayemsemea mwenzake amekabidhiwa mali isiyo yake," akasema. "Maneno yakiwa marefu, omba muda. Yakikushinda, sema yamekushinda, si aibu. Watu wakicheka, waache wacheke. Lakini usipunguze. Hujui ni neno gani mwenzako amelibeba maisha yake yote."

Kesho yake asubuhi walikwenda dukani. Bibi akamjulia hali muuza duka, akauliza kuhusu mguu wa mkewe, akamwombea wateja wasiopenda kukopa. Kasuku akayafikisha yote, na wateja waliokuwa nyuma wakaanza kuguna. Bibi akaongeza jambo jingine, taratibu.

"Anasema pia," Kasuku akasema, akivuta pumzi, "kwamba alikuwa na mtoto wa kiume. Aliitwa Kicheko. Alifariki akiwa mdogo."

Muuza duka akaweka kisu chini.

"Pole sana, bibi," akasema.

Kasuku akamgeukia bibi yake, akamfikishia na pole hiyo.