Utando wa Kijani

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Oktavia alikinga maji kwenye chujio la kijiji cha Yakobi. Lilikuwa tangi la saruji lenye mchanga. Maji ya mto yaliingia juu, yakapenya mchangani polepole, yakatoka bombani maangavu, ya baridi hata meno yanauma.

Siku moja nyapara Alfonsi hakutulia. Kesho Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, angepita akielekea Makambako. Wakubwa wakija, wadogo hufagia hata njia wasiyopita.

"Wewe binti!" aliita. "Panda ukwangue uchafu wa kijani juu ya mchanga. Na ole wako umwambie mzee Efraimu!"

Mzee Efraimu, mtunza chujio, alikuwa msibani Lupembe. Alfonsi akapunguza maji. Oktavia akakwangua ule utando uliokuwa ukiteleza kama mlenda, hadi mchanga ukang'aa. Kesho yake Bwana Shauri alichungulia dirishani mwa gari, akasema, "Safi sana," akaenda zake. Hakunywa hata tone.

Siku ya nne Yoeli, mdogo wake Oktavia, alianza kuharisha. Watoto wawili wa jirani nao wakaugua. Kufikia adhuhuri macho ya Yoeli yalikuwa yamezama. Alilia bila machozi.

"Mpe maji mwenzio," alisema mama yao, Telesia. "Ya bomba hayana neno."

Oktavia alishika kikombe. Alimtazama Yoeli akifungua mdomo, kisha akayamwaga maji sakafuni.

"Una wazimu?"

"Mama, mimi ndiye niliyekwangua chujio!"

Alikimbia mpaka chujioni kwa mzee Efraimu, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi. Alimkuta Alfonsi hapo akiapa kwamba hakuna aliyegusa mchanga.

"Niligusa mimi, babu. Yeye ndiye aliyenituma."

"Toto rongo hili!" Alfonsi alifoka.

"Mchanga wenyewe umeshasema, Alfonsi," mzee alijibu. "Wewe ulitaka ung'ae, basi umeng'aa. Nenda kila nyumba, waambie wachemshe maji."

Njiani kwenda kwa kina Yoeli mzee alimweleza Oktavia. "Ule si uchafu, mjukuu wangu. Ni viumbe hai, wadogo hata jicho haliwaoni. Ndio wanaokula vijidudu vya maradhi. Ukiwaondoa, mchanga ni mchanga tu. Wataota tena, lakini ni wiki tatu."

Yoeli alinyweshwa maji yaliyochemshwa na uji mwepesi wenye chumvi, kijiko kwa kijiko. Oktavia hakuthubutu kusinzia. Siku ya tatu ya kumuuguza mtoto alidai kiazi, akanyimwa, akalia. Machozi yakamtiririka mashavuni. Telesia naye akalia.

Mzee Efraimu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mke wangu alikufa kwa maradhi ya maji ya mto. Chujio tuliahidiwa miaka minne, likaja yeye hayupo," alisema. "Wakubwa hupenda kinachong'aa, Oktavia. Wewe uliza kwanza kina kazi gani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ulisema siku ya nne, tukamwahi. Ya tano, sijui."