Hodi Kutoka Chumba cha Ndani

Kufuli lilikuwa nje, hodi ikatoka ndani. Hapo ndipo hadithi hii ilipoanzia, na atakayekupa mwanzo mwingine mwambie hakuwepo. Mimi pia sikuwepo, lakini mimi naisimulia vizuri.

Mwalimu wa historia alikuwa amelipeleka darasa lake kwenye nyumba ya makumbusho, jumba la tajiri wa zamani, kuta nene, dari za boriti. Alichoka kuona watoto wananakili mambo ya kale ubaoni huku wanasinzia. Alitaka wayaone, wayanuse, waishi humo walau asubuhi moja. Basi akawapangia mchezo: hawa wenyeji, wale wageni, na wageni waje wabishe mlango mkubwa. Binti yake alikuwa humo darasani, na tangu mama mtu afariki walibaki wawili tu nyumbani. Mchezoni binti akawa mama mwenye nyumba, kakaa kitini shingo juu, utadhani jumba ni lake kweli.

Wageni hawajafika, chumba cha ndani kikagongwa taratibu.

"Hodi."

Mtoto wa shule ukishamzoesha kuitikia, ataitikia hata radi. Darasa zima, hata wageni waliokuwa bado nje, likajibu "Karibu!" kwa sauti ya kuimba, binti akiwa wa kwanza.

Ikaja harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Mtunza nyumba, mwanamama aliyekuwa akiwatania tangu getini, utani ukamkauka. Mwalimu akamuuliza chinichini nani yumo mle. Hayumo mtu, akanong'ona, ila huwa panabishwa, na wao wa hapo huwa hawaitikii. Alisahau kuwaonya.

Nyumba ya mwalimu haikutulia tena. Hodi ilitoka kabatini. Ilitoka uvunguni, ikatoka kwenye sufuria iliyofunikwa, na kila ilipobisha midomo ya binti ilicheza yenyewe kutaka kujibu, baba akawahi kuiziba kwa kiganja. "Usimwitikie, mwanangu," akamsihi. Siku ambazo baba alichelewa, binti alijibu, na kila alipojibu alimsahau baba yake kidogo: kwanza jina la utani alilozoea kumwita, kisha kicheko chake, hata asubuhi moja akamkazia macho mezani kama anayemwona mpangaji mpya.

Mwalimu akamkimbilia dada yake mkubwa, fundi wa kutoa majini, mtu asiyechekea mtu. Shangazi mtu akamnusa binti utosini.

"Jini aliyekaribishwa hafukuzwi, anaagwa," akasema. "Warudi walewale waliomwitikia, palepale, wamwambie kwaheri kwa mdomo mmoja. Wasiongeze neno."

Darasa likarudi jumbani. Mwalimu hakuwaambia kweli, angeanzia wapi. Alisema wanamalizia ule mchezo, wenyeji na wageni wote waseme kwaheri. Wakajipanga mbele ya chumba kile, na ile harufu ya utambi ikapanda kooni, kufuli likaanza kutikisika lenyewe kama jino bovu, na binti akawa anaegemea mlango pole pole kama anayevutwa na usingizi, na mwalimu, jasho likimchuruzika mgongoni, akanyanyua mkono kama afanyavyo kila siku kuliitikisha darasa, akaushusha.

"Kwaheri, mwalimu!" likaitika darasa, kama linavyoitika kila kengele ya mwisho ikilia.

Kufuli likatulia. Harufu ikakatika. Mtunza nyumba akashusha pumzi, mwalimu akacheka hadi machozi, wakatoka. Alikuwa keshawaachia watoto wa watu waende kwao ndipo kicheko kikamkwama: wasiongeze neno, dada yake alisema, na wao wameongeza, na aliyeagwa mle ndani si jini, ni yeye.

Akamkokota binti mbiombio hadi nyumbani. Ufunguo wake ukaingia, ukagoma kuzunguka. Akajaribu tena, akasukuma kwa bega, mwisho akabisha.

"Hodi," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, hata yeye hakuijua.

Ndani kiti kilisogezwa.

"Nani?" Na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile nzito ya darasani.

Binti akachomoa mkono. Mlango ukamfungukia yeye, ukatosha mwili wake tu, ukajifunga nyuma yake. Mwalimu akabaki kaweka sikio kwenye ubao wa mlango.

"Shikamoo, baba," alisikia binti akisema. "Kuna mtu anabisha huko nje."

"Marahaba. Usimwitikie, mwanangu."